Mzee Amekata Moto Mbele ya Hospitali

Jamani wa humu ndani, sina pa kuuweka uso wangu leo. Naandika haya nikiwa nimejifungia bandani kwangu Tengeru, mlango nimeuegemezea mtungi wa gesi ya kuchomelea. Bora jambo hili mlisikie kwangu kabla halijawafikia likiwa limeongezwa chumvi. (Ingawa sijui hiyo chumvi wataiongeza wapi, maana limejaa tayari.)

Kwa wasionijua, mimi ni Elisante, fundi pikipiki hapa nyuma ya soko. Jumamosi hii wazee wangu wanatakiwa kupanda Nkoaranga kunipelekea posa kwa Mzee Anaeli, baba yake Naomi. Mzee Anaeli analima kahawa na migomba, ni mzee wa kanisa, na ni mtu wa maneno machache. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Mnaona tatizo lilipoanzia.

Siku moja nilikaa kibarazani kwake nikajisifu. Asubuhi kule juu kuna baridi, na pikipiki yake ilikuwa haiwaki mpaka aipige kiki hadi jasho limtoke. Nikamwambia, "Mzee, kabureta ni mambo ya zamani. Siku hizi vipuri vinaingia kwa makontena, kila kitu kipo. Nitakuwekea injekta." Nilikuwa nimepata pampu, injekta na kompyuta ya kuiongoza kutoka kwenye pikipiki ya Kijapani iliyogongwa. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikamjibu, "Kama ninavyolijua jina langu."

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Kwa wiki tatu Mzee Anaeli amekuwa akipanda na kushuka ule mlima kwa miguu yake.

Jumapili alinisubiri nje ya kanisa. Akaniambia, "Elisante, Alhamisi nina mkutano Usa River. Saa nane nikirudi nyumbani nataka niikute pikipiki yangu, na iwe inawaka. Kama haipo, hao wazee wako wasijichoshe kupanda. Mtu aliyeshindwa kunirudishia pikipiki atanitunzia vipi mtoto?" Akaondoka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Alhamisi yenyewe ndiyo leo.

Tatizo lilikuwa hivi. Pikipiki ilikuwa inawaka vizuri, inanguruma vizuri, halafu ukiongeza mafuta kidogo inaanza kumisi, inarukaruka mapigo, na kukata moto. Ukipiga honi, inazima papo hapo. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha pampu, nikaosha injekta mara nne. Nikaomba ushauri humu humu, na mmoja wenu akaniandikia maneno matatu: "Hiyo ni kelele."

Basi nikaanza kuitafuta kelele. Nilishika bisibisi, ncha kwenye injini, mpini sikioni, nikasikiliza siku mbili nzima. Nikarekebisha valvu. Nikabadilisha cheni. Nikakaza kila nati inayokazika. Injini ikawa tulivu kabisa, haina kelele hata chembe, na bado inazima. (Aliyeniandikia maneno matatu, maneno mengine mawili yangekupunguzia nini?)

Leo asubuhi saa mbili nilikuwa nimekaa chini, nimeshika kichwa. Rajabu akanionea huruma. Rajabu ni fundi redio, tunagawana banda. Wazee wake walitoka Tanga, yeye kakulia mjini Arusha, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba akikutukana unaweza ukamshukuru.

"Elisante, hiyo kelele unaitafuta kwa sikio?"

"Sasa nitaitafuta kwa kitu gani?"

"Kwa redio, bwana wee. Ni kelele ya umeme hiyo."

Akachukua redio yake ndogo, akaiweka mahali pasipo na stesheni, inakoroma shhh tu. Akaniambia niwashe injini. Redio ikaanza: tra-tra-tra-tra. Akaisogeza kwenye koili, ile inayoipa plagi cheche, ikapiga kelele zaidi. Akazifuata nyaya nayo polepole, mpaka kwenye ule waya mwembamba wa sensa ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. (Sensa ya injini, siyo ya kuhesabu watu.) Pale redio ilikuwa inalia sawasawa na kwenye koili.

"Umeona?" akasema. "Sensa inainong'oneza kompyuta: krenki imefika hapa, krenki imefika pale. Sasa pembeni yake umeweka koili inayopayuka. Kompyuta itasikia nini? Upuuzi. Ikisikia upuuzi inafunga mafuta. Nani alizifunga hizi nyaya zote pamoja?"

Nilikuwa nimezifunga mimi. Fungu moja zuri, limezungushiwa utepe mweusi wa gundi kutoka mbele mpaka nyuma, limelala chini ya tangi kama nywele zilizosukwa. Nililipiga hata picha nikaiweka humu, mkanisifu kwa unadhifu. (Mliosifu, aibu hii ni yetu sote.)

Tukafumua kila kitu. Waya wa koili ukapita kulia, wa sensa ukapita kushoto. Tukaweka plagi yenye rezista ndani, ya kupunguza kelele. Halafu Rajabu akanipa waya wa maiki iliyokufa, ule wenye nyuzi za shaba zilizosukwa kuzunguka waya wa ndani. Akaniambia zile nyuzi za nje zitaidaka kelele na kuipeleka eathi, kwenye chuma cha pikipiki, kabla haijafika kwenye sensa. Akaitwa na mteja wake wa televisheni, nikamalizia kufunga peke yangu. Nikawasha. Redio ikakoroma tu, shhh, hakuna tra-tra. Nikaongeza mafuta, injini haikumisi. Saa sita ilikuwa haijafika. Nilitaka kumbusu Rajabu, akakataa.

Hapa lazima niwaeleze lugha ya banda letu, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyojimaliza. Sisi hatusemi pikipiki ya mchungaji inavuja oili. Tunasema Mchungaji anavuja. Mwalimu hana breki. Nesi anatoa moshi mweusi. Kila pikipiki inaitwa jina la mwenyewe mpaka siku anapokuja kuichukua, na tumezoea hivyo miaka yote bila madhara yoyote.

Nikaondoka Tengeru kuelekea juu, nimevaa shati safi. Nilikuwa na saa nzima na ushee, na njia yenyewe ni fupi. Nikafika mbele ya hospitali ya Nkoaranga. Ng'ombe wawili wamesimama katikati ya barabara. Nikapiga honi.

Pikipiki ikazima.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena, mpaka nikahisi goti linataka kunihama. Akilini nikamwona Mzee Anaeli anarudi, anaingia uani kwake, anaangalia pembeni ya nyumba, haoni kitu, anaingia ndani. Nikatoa simu nikampigia Rajabu. Mtandao pale ulikuwa unakatakata, kwa hiyo nilikuwa naongea kwa sauti ya juu.

"Rajabu, Mzee Anaeli amekata moto!"

"Wapi?"

"Hapa hapa, mbele ya hospitali. Amekata ghafla tu. Nimejaribu kumwamsha, haamki."

(Ndiyo. Najua. Sasa najua.)

Pembeni yangu alikuwa amesimama Mama Eliya, jirani yake Mzee Anaeli, ametoka kumwona mgonjwa, kikapu mkononi. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo dakika moja kabla, akaitikia vizuri. Sasa alikuwa ananitazama, akaitazama pikipiki, akaitazama hospitali, akanitazama tena. Pikipiki ya Mzee Anaeli anaifahamu, iko hapo, na mwenyewe hayupo juu yake.

"Elisante," akasema taratibu. "Mzee Anaeli? Huyu wa kwetu?"

Nikaondoa simu sikioni kidogo. "Ndiyo mama. Ndiyo hivyo tena."

"Jamani. Si nimemwona jana tu."

Nilidhani anasema ameiona pikipiki bandani. "Wiki tatu nahangaika naye, mama. Leo asubuhi alikuwa vizuri kabisa, nikajua amepona."

"Hakutuambia kama anaumwa." Akaweka kikapu chini. "Na nyumbani wanajua?"

"Bado. Nilitaka nimfikishe akiwa mzima."

Akafumba macho. Mimi nikaona huyu mama ana moyo wa huruma sana, maana watu wengi hawaumii hivyo kwa ajili ya pikipiki ya jirani.

"Mama, nakuomba usiwaambie kwanza," nikasema. "Bado najaribu. Huenda akaamka."

Akanishika bega. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Pole mwanangu. Jikaze. Wewe ni mtoto mdogo, mambo haya ni mazito." Akaokota kikapu, akashika njia ya mkato ya kupandia migombani, na kwa mama wa umri ule alikuwa anapanda kwa kasi ya ajabu. Nikashangaa, nikarudi kwenye simu.

Rajabu akaniuliza, "Zile nyuzi za nje umezifunga eathi wapi?"

"Pande zote mbili. Kule kwenye injini na huku kwenye kompyuta. Ili zikae imara."

"Elisante. Ukifunga pande mbili unatengeneza mzunguko. Kelele inaingia humo inazunguka kama iko nyumbani kwao. Upande mmoja tu. Kata ule wa kwenye injini, acha wa kwenye kompyuta. Na hiyo simu yako izime, nayo ni kelele, usiiweke karibu na kompyuta."

Nikaizima simu. Nikaitia mfukoni. (Naomi alinipigia mara kumi na moja ndani ya muda huo. Nimeziona baadaye.)

Nikafungua kiti, nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikafumua utepe. Nilikuwa na plaizi moja tu. Ilinichukua karibu saa nzima kuufikia ule waya na kuukata bila kukata mwingine. Njia ile ilikuwa na watu wengi kuliko kawaida, wanawake wamejifunga khanga wanapanda haraka haraka, wanaume wawili wamebeba mabenchi. Mmoja akaniambia, "Pole sana fundi." Nikasema, "Asante, nakaribia kumaliza." Akanitazama vibaya.

Nikapiga kiki. Ikawaka. Nikaongeza mafuta, safi. Nikapiga honi, haikuzima. Nikapiga tena, ndefu. Haikuzima. Jamani, sijawahi kuipenda honi kama leo. Niliangalia saa, ilikuwa saa nane kasoro kidogo, na kwa Mzee Anaeli ni pale juu tu. Nikapanda mlima mzima nikiwa nimekandamiza honi, kila kona, kila mgomba, ili nihakikishe kabisa kwamba kelele imekwisha.

Nilipokaribia nikaona watu. Uani kwa Mzee Anaeli palikuwa pamejaa. Mabenchi yamepangwa, wazee wamekaa, akina mama nyuma ya nyumba wanamenya ndizi kwa masufuria makubwa, na kwaya imeanza kujipanga. Nikajisemea, huyu Naomi huyu. Kawaambia majirani kwamba naleta pikipiki ya injekta, wamekuja kushuhudia.

Naapa ndivyo nilivyofikiri.

Nikaingia uani kwa honi. Nikazunguka ua mzima mara moja, mzunguko wa ushindi, nimesimama juu ya vikanyagio, mkono mmoja juu. Na nikapaza sauti:

"Amewaka! Mzee amewaka!"

Hakuna aliyepiga makofi. Kwaya ilinyamaza katikati ya neno. Niliona kisu cha ndizi kikianguka. Nikazima pikipiki.

Naomi akatoka ndani, macho mekundu. "Elisante," akasema, "baba umemwacha wapi?"

Na mimi, nikiwa na akili zangu zote, nikajibu: "Si nimemleta. Huyu hapa." Nikalipiga tangi makofi mawili.

Mama mmoja alipiga ukunga. Baba yake mdogo Naomi, aliyekuwa amevaa koti tayari kushuka hospitali kuuchukua mwili, akanijia taratibu.

"Wewe kijana. Umesema nini?"

"Alikata moto pale hospitali, baba," nikasema. "Lakini ilikuwa kelele tu. Nikamkata upande mmoja, akawaka."

"Ulimkata?"

"Waya, baba. Wa eathi."

Akanishika kola. Lile shati safi. Hapo ndipo nilipomwona Mama Eliya kwenye benchi la mbele, amejifunga khanga kichwani, na kila neno nililomwambia pale barabarani likaanza kunirudia, moja baada ya jingine, kwa maana yake ya pili. Haamki. Nimfikishe akiwa mzima. Kama siyo baba mdogo kunishika kola ningekaa chini.

Nikaeleza. Nilieleza kila kitu, sensa, koili, waya wa maiki, Mchungaji anavuja, Mwalimu hana breki, naonyesha kwa kidole waya mmoja mmoja mbele ya watu wote wa Nkoaranga waliovaa nguo za msiba. Hakuna aliyenisaidia hata kwa kukohoa. Mama Naomi alitokea mlangoni ameshikiliwa na wanawake wawili, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja tu: "Kwa hiyo ni mzima?" Nikasema ndiyo mama, yuko mkutanoni Usa River, na simu yake huwa anaizima mkutanoni. Akakaa pale pale kizingitini.

Ndipo tukasikia sauti njiani. Mzee Anaeli alikuwa amefika chini ya migomba, jalada la mkutano kwapani, ameona mabenchi, ameona khanga vichwani, ameona watu wote wapo. Akatafuta kwa macho mtu mmoja ambaye hakumwona. Jalada likamponyoka, karatasi zikasambaa.

"Mama Naomi," akasema. Halafu akaita kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. "Mama Naomi wangu!"

Alidhani ni mke wake. Alikuja mbio, yule mzee, kofia imeanguka nyuma. Mama Naomi akainuka kizingitini, akapita katikati ya watu. "Niko hapa, Baba Naomi. Niko hapa." Akamshika mikono yote miwili, na mzee wa kanisa akalia mbele yetu bila kujificha. Watu wakatazama pembeni. Mimi niliona aibu ambayo haichekeshi, na hilo nawaambia bila utani.

Alipotulia akafuta uso. Akatazama mabenchi. "Nani amekufa?"

Baba mdogo akakohoa. "Wewe, kaka."

"Nani kasema?"

Mama Eliya akanielekezea kwa kidevu. Watu wakanipisha, ikawa njia nyeupe kutoka kwake mpaka kwangu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nimekata moto?"

"Hapana mzee. Pikipiki. Pikipiki ndiyo ilikata. I-li-ka-ta."

Akanitazama mpaka nikasahau mikono yangu naiweka wapi. "Iwashe."

Nikapiga kiki. Haikuwaka. Nilisikia mtu nyuma akisema Yesu wangu. (Nilikuwa sijawasha swichi.) Nikawasha swichi, nikapiga tena, ikawaka. Mzee akaja mwenyewe, akaongeza mafuta, akapiga honi mara tatu. Ikaendelea kunguruma. Akaizunguka yote, akainama akatazama nyaya, akainuka.

"Nilisema saa nane."

Naomi ndiye aliyejibu. "Ilifika kabla ya saa nane, baba. Watu wote hawa wameiona ikiingia."

Mzee akatazama ule umati uliokuja kumlilia. Wazee kwa vijana, kwaya, majirani wa pande zote, mashahidi kuliko wanaohitajika mahakamani. Mmoja mmoja wakaanza kutikisa vichwa kwamba ni kweli. Hata Mama Eliya alitikisa.

Mzee akakaa kwenye benchi la mbele, mahali pa wafiwa. "Jumamosi waje," akasema. Nikafungua mdomo kushukuru, akainua kidole. "Wazee wako. Wewe ubaki huko huko Tengeru. Yasemwe na watu wanaojua kusema."

Ndizi zilikuwa zimeshaiva, basi watu wakala. Mzee alikula sahani mbili za msiba wake mwenyewe, huku watu wakimsimulia mambo mazuri waliyokuwa wamejiandaa kuyasema. Uani kote walikuwa wanacheka, wengine wameshika mbavu, baba mdogo ananiigiza nilivyosimama juu ya vikanyagio. Naomi naye alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Mimi niliaga kwa heshima, nikashuka mlima kwa miguu.

Kwa hiyo nawaomba, msicheke kabla ya Jumamosi. Kuna mtu mmoja tu ambaye kicheko chake nakihitaji, na mpaka naondoka kwake alikuwa kwenye sahani ya pili, bado hajacheka.